Masaa matatu kutoka Leopoldville mpaka Usumbura

Nianze na ile ya kunitia haya, tuimalize: minye njo nilimutoa mama mudogo wangu pa uwanja wa ndege wa Usumbura, nikamushika mukono, nikamupandisha mu kamio, gari ya mizigo ya ndagala, ikibaki saa moja kamili ndege yake ifike. Hakuna muntu alinilazimisha. Pa ukuta kulikuwa ubao mukubwa, saa ya ndege imeandikwa pale na chaki. Nikaisoma vizuri, nikamufasiria mama kinyume. Na nilikuwa nimevaa kravati.

Sasa mukishajua ile, mengine ni kueleza tu namna muntu anafika pale.

Uvira yetu haikuwa na ndege. Uwanja wetu sisi Wakongo ulikuwa juu kule Bukavu, na kufika kule ulipaswa kupita Kamanyola, kupanda milima, na kumuomba Mungu pa kila kona. Lakini uwanja wa Usumbura tulikuwa tunauona na macho. Ukisimama kwetu Nyamianda pa mwambao, ndege inashuka ngambo ya ziwa, unaweza kuifuata na kidole mpaka inagusa chini. Wakati wa Wabelgiji ilikuwa mukubwa mumoja huku na kule, muntu anapanda baiskeli asubuyi, anaenda Usumbura, anarudi, hakuna mwenye kumuuliza kitu. Uhuru ulipokuja, kila inchi ikapata mukubwa wake, na uwanja ukabakia ngambo. Kilometa ishirini na kitu, na iko inchi ya wengine. Bukavu ilikuwa mbali mara sita, na njo ilikuwa kwetu. Nilikuwa nachekesha watu na ile maneno. Ninasema: sisi wa Uvira ndege inatupitia juu ya kichwa kwanza, kisha tunaiombea karatasi ya kuvuka, lesepase.

Watu walikuwa wanakuja kwangu juu ya mambo ya mbali. Nilikuwa na karte, ramani ya inchi yote. Ile mwaka wa uhuru, mwalimu wetu Mubelgiji aliondoka katikati ya juma, akaacha koti yake pa kiti, na masomo yakafungwa. Tulikuwa mwaka wa tano. Tulikuwa tumemaliza kipimo cha karte: sentimeta moja pa karatasi ni kilometa ngapi pa udongo. Ile kipande niliisikia vizuri kabisa, nafikiri ni kitu kimoja tu nilisikia vizuri mu maisha yangu ya masomo. Masomo yalipofunguliwa tena, minye nilikuwa nimeshapata kazi pa bandari ya Kalundu, kuhesabu magunia ya pamba yanayopanda mu meli, na sikurudi. Lakini karte ya Kongo ya darasa letu niliirudisha nyumbani mbele ya watu wengine kuirudisha kwao. Niliipigilia pa ukuta, na regle ya mbao ya kupimia ikaninginia pembeni na kamba.

Basi wanakuja. Mutoto wao alipelekwa jeshi Luluabourg, wanauliza iko mbali aje. Napima. Ninafunga jicho moja, sijui juu ya nini, regle haiombi ile. Ninatoa jibu, wanashukuru, wanaenda. Wananiita mwalimu kwa kunicheka, nami najibu kama mwalimu.

Mama mudogo alikuwa mudogo wa mama yangu muzazi. Mama alipokufa nilikuwa natambaa bado, yeye akanichukua, akaninyonyesha pamoja na mutoto wake wa pekee. Yule kijana na minye tulikula sahani moja mpaka tukaota ndevu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alimaliza masomo. Mwaka mumoja nyuma ya uhuru alipata nafasi ya kuendelea Leopoldville, kisha kazi mu biro, mu ofisi, kule kule. Siku alisafiri, jamaa yote tulivuka kwenda kumusindikiza Usumbura. Ndege iliruka saa mbili ya asubuyi. Mama mudogo alifunga macho mpaka ikapotea nyuma ya milima, ndipo akauliza kama imeshaanguka.

Nyuma ya majuma mawili barua ikafika. Nikamusomea. Aliandika kama walifika vizuri, kama pa uwanja wa Leopoldville saa kubwa ya ukutani ilionyesha saa tano. Mama aliniuliza, basi ni mbali aje? Nikahesabu na vidole: saa mbili, saa tano, masaa matatu. Nikapima karte: kilometa elfu moja na mia tano, na kidogo. Sasa nikataka kasi ya ndege, na kasi ya ndege hakuna muntu Nyamianda aliijua. Nikagawanya elfu moja na mia tano kwa tatu, nikapata mia tano. Tangu siku ile, muntu akiniuliza ndege inakimbia aje, ninamwambia kilometa mia tano kwa saa moja. Na akiniuliza nimejua namna gani kama safari ni masaa matatu, ninamwambia juu ndege inakimbia mia tano. Hesabu yangu ilikuwa nyumba yenye ukuta mumoja, nami nimeegemea ule ukuta ili usianguke. Miaka mitatu hakuna muntu alinikamata.

Kisha mama akaota uvimbe.

Ulianza chini ya sikio, sawa mbegu ya ndimu. Alisema ni jino. Ukawa sawa ndimu yenyewe. Akaanza kufunga kitambaa kichwani na kukishusha mpaka pa kidevu, na watu wakasema mama fulani amekuwa muntu wa dini sana. Munganga wa hospitali yetu, Muzungu wa mwisho, aliugusa, akasema inapaswa kukatwa, na ikatwe upesi, lakini hapa hana vyombo wala muntu wa kumulalisha na dawa. Mwezi uliofuata na yeye akaondoka. Bukavu ilikuwa njia ya kawaida, lakini ile mwaka vita ilikuwa imeanza mu bonde ya Ruzizi. Leo watu wanapita, kesho kamio inarudi na matundu ya risasi. Nikamuandikia ndugu yangu, yule mutoto wake wa Leopoldville. Akajibu kama ameongea na munganga wa kukata, kitanda kipo, amuleteni mama.

Mama hakutaka. Alisema akifa afie pa mihogo yake. Nilimupigia kelele, nilimubembeleza, nilimuchekesha. Mwisho nilimwambia safari yenyewe ni masaa matatu tu, ni sawa kukaa mu kanisa siku ya Paska, tena mu ndege kuna kiti. Ile masaa matatu njo ilimushinda. Akasema kama ni sawa kanisa, atavumilia.

Telegrame ikafika siku ya kwanza ya juma. Ndugu yangu aliandika kama siku ya ine ndege inatoka Leopoldville saa kumi na mbili ya asubuyi, yeye mwenyewe atakuwa ndani, tumulete mama pa uwanja, atarudi naye na ile ile ndege. Yeye hatapata ruhusa ya kutoka ndani ya uwanja kuingia mu inchi. Saa ya kufika hakuandika. Juu ya nini angeandika? Alijua tutauliza pa biro ya ndege, kama watu wenye akili.

Sikuuliza. Nilikuwa na jibu tayari miaka mitatu. Saa kumi na mbili, ongeza masaa matatu, saa tatu. Nikamwambia mama saa tatu. Nikamwambia mutaa wote saa tatu.

Rafiki yangu alikuwa na kamio, au tuseme kamio ilikuwa ya muarabu mumoja na yeye aliiendesha. Kila asubuyi anapakia ndagala, samaki ndogo za ziwa zilizokauka, anapeleka soko la Usumbura, anarudi. Hakusoma ata siku moja. Lesepase alikuwa anaishika juu chini, na askari wanamugeuzia. Nilimutania juu ya ile miaka mingi, naye alikuwa anacheka mbele yangu. Akasema atatupakia bure, mama akae mbele, minye nikae nyuma na ndagala, juu tunafanana.

Asubuyi ile mama alivaa kitenge kipya na kitambaa kipya. Alifunga furushi: ndagala, unga, na sombe, majani ya mihogo yaliyopondwa, imefungwa mu majani ya ndizi, ya kumupikia mutoto wake kule Leopoldville, juu alifikiri kule hakuna. Alipofunga mulango alisimama kidogo, akarudi ndani, akachota maji mu mutungi, akamwagia mihogo mitatu ya karibu na nyumba. Nilimwambia tutachelewa. Tulikuwa na masaa mengi.

Pa Kavimvira, pa mupaka, askari wetu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mukubwa wao alisoma lesepase ya mama na yangu, akasema barieri itashushwa saa sita kamili na haitapandishwa tena mpaka amri. Akasema na ile karatasi ni ya mara moja: ukirudi, inapasuliwa. Rafiki yangu akamuuliza kuna nini. Askari akaangalia upande wa bonde, akasema tupite kama tunapita.

Tulifika uwanjani mbele ya saa mbili. Rafiki akatushusha, akasema atauza, atarudi kunichukua saa ine, minye peke yangu. Aliagana na mama pale, kabisa kabisa, akamwambia amusalimie Leopoldville. Mama akamubariki.

Ndani kulikuwa benchi ndefu, na mbele ya benchi ubao. Mama hakujua kusoma. Akaniuliza ule ubao unasema nini. Nikasimama, nikapanga kravati. Uliandikwa Leopoldville, na mbele yake kumi na moja ya Kifaransa, maana yake saa tano yetu. Nikashituka kidogo. Kichwa changu kikazunguka mara moja tu, kikapata njia ya kutokea. Nikamwambia mama: ile ni saa ya kuondoka. Ndege inafika saa tatu, inapumuzika, inakunywa mafuta, saa tano inaruka nanyi. Mama akasema ni vizuri, atapata wakati wa kumuangalia mutoto wake chini mbele ya kupanda.

Saa tatu ikafika. Hakuna kitu mbinguni. Saa tatu na robo. Nikatoka inje, nikaangalia milima ya Uvira, juu ndege zote za Leopoldville zinatokea kule, juu ya nyumba zetu. Mawingu madogo na kunguru. Nikarudi ndani. Pale kulikuwa mufanyakazi mumoja, Murundi, na kofia ya kazi, anapanga mizigo. Muntu mwingine angemuuliza ndege inafika saa ngapi. Minye nilimwambia, na Kifaransa yangu ya mwaka wa tano, kama ndege yao imechelewa.

Aliangalia ubao, akaniangalia minye, akaangalia kravati. Akajibu na Kiswahili, pole pole, kama muntu anaongea na mugonjwa:

"Haijachelewa, bwana. Mukae tu."

Nikarudi pa benchi, nikamwambia mama hawa watu wa huku hawawezi kukubali makosa yao.

Saa tatu na nusu ikapita. Nilikuwa nimeanza kujibu maswali ambayo hayakuulizwa. Nilimueleza mama ndege ina tabia gani, kama haisimami njiani kununua ndizi, kama masaa matatu ni masaa matatu, haiwezi kuwa mane. Ikipita saa moja na haionekani, maana yake haikuruka, au iliruka ikarudi juu ya vita. Nilisema vita kwa sauti ndogo, lakini mama alisikia. Alishika furushi yake na mikono miwili.

Saa ine kamio ikapiga honi. Rafiki yangu akaingia, akatukuta wote wawili, akakunja uso. Alisema soko limefungwa nusu, watu wanasema mengi, yeye hangoji, saa sita haimukute huku. Akamuangalia mama, akaniangalia.

Sasa niandike vizuri yale yalisemwa, juu njo kitu chenyewe.

Rafiki akasema: "Sasa? Minakwenda na mumoja ao na wawili?"

Mama alinigeukia minye. Kitambaa kilikuwa kimesogea, na uvimbe ulionekana, unangaa.

"Baba," akaniambia, vile alikuwa ananiita tangu nikiwa mutoto, "weye njo ulisoma. Iko inakuja, ao haiji?"

"Haiji, mama."

"Unajua?"

"Ninajua. Ubao unasema inaondoka saa tano. Sasa ni saa ine, na haijafika. Ndege haifiki na kuondoka mara moja sawa inzi. Leo imekufa. Tukibaki hapa barieri itafungwa, tutalala inje mu inchi ya watu, na kule nyumbani hatujui kutapita nini. Tutakuleta mara ingine."

Akafikiri. Sikumwachia muda wa kufikiri. Nilimushika mukono, akasimama. Yule Murundi wa mizigo alituona tunatoka, akanyanyua mukono kidogo, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Nafikiri alijiambia huyu bwana wa kravati anajua anafanya nini.

Njiani mama alikaa mbele, minye nyuma. Kamio ilikuwa tupu, na inapokuwa tupu inaruka, na minye na harufu ya ndagala tuliruka pamoja. Pa Kavimvira askari alichukua karatasi zetu. Aliipasua ya mama kwanza, mara mbili, akaacha vipande vikaanguka, kisha yangu. Tukavuka. Rafiki alisimamisha kamio mbele kidogo, karibu na ziwa, juu maji ya injini yalikuwa yanachemuka, akashuka kuchota mengine.

Njo pale tuliisikia.

Ilitokea juu ya milima ya Uvira, chini chini, injini ine, ikapita juu ya vichwa vyetu na kivuli chake kikapita juu ya kamio. Ikazunguka juu ya ziwa, ikatoa miguu. Niliangalia saa yangu ya mukono, kama vile saa ingenisaidia. Ilikuwa saa tano kasoro kidogo.

Mama alishuka mu kamio. Aliifuata na macho mpaka ngambo, mpaka inagusa chini, vile sisi wote tunafanya. Kisha akaniuliza, bila kunigeukia:

"Ile iko yangu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ile ni ya Elisabethville.

Sikuwa ata na sababu ya uongo ule. Ulitoka wenyewe, wenye kuvaa vizuri. Rafiki yangu alibaki amesimama na ndoo ya maji mukononi. Kisha minye nikakimbia kurudi pa barieri. Nilimwambia askari tumesahau muzigo. Akasema karatasi iko wapi. Nikainama, nikaokota vipande chini, nikaanza kuviunganisha mbele yake pa mukono wangu, huku na kule, kama mutoto anacheza. Aliangalia mpaka nimemaliza. Akasema, nenda, papa. Nikamwambia ukweli: mama yangu ni mugonjwa, mutoto wake iko ngambo pale, ndani ya ile ndege, wote wawili wanaonana karibu na macho. Akasema na yeye ana mama, na amri ni amri. Sauti yake haikuwa mbaya. Mukubwa wake akaja, akanisukuma na kitako cha bunduki.

Tulibaki pale. Hakuna aliyesema tuondoke. Saa sita barieri ikashuka. Nusu saa nyuma yake ndege ikaruka, ikachukua ziwa, ikapanda, ikageuka juu yetu na kuelekea milimani. Mama alifungua furushi, akatoa sombe ndani ya majani, akampa rafiki yangu, akasema itaharibika.

Siku chache nyuma yake waasi waliingia Uvira. Sitaeleza ile, wengine wameeleza, na minye nilikuwa chini ya kitanda sehemu kubwa. Posta ilikufa. Barieri haikupanda. Hospitali ilibakia na mulango mumoja na mbuzi ndani. Wenye mitumbwi walikuwa wanavusha watu ngambo, lakini risasi zilikuwa zinavuka nao, na mama alikuwa hawezi tena kukaa wima. Uvimbe ulifunga njia ya chakula kwanza. Nilikuwa namunywesha uji na kijiko, na kila kijiko nilimuletea na mchezo, vile yeye alinifanyia: hii ni meli inaingia Kalundu, hii ni kamio ya ndagala. Ndege sikuitaja. Alikuwa anacheka na macho, juu kinywa kilikuwa hakifunguki. Mara ingine nilikuwa nasema ndugu yetu atakuja na njia ingine, na yeye ananigusa kichwa, kama minye njo mugonjwa.

Alikufa mbele ya mvua kurudi. Tulimuzika karibu na mihogo yake, mchana, upesi, juu siku ile kulikuwa mizinga upande wa Kavimvira.

Barua ya ndugu yangu ilinifikia nyuma ya muda mrefu, mu mufuko wa mufanya biashara aliyepita na ziwa. Iliandikwa juma lile lile la ndege. Alisema walifika saa tano kamili kama ilivyopangwa. Alisimama pa mulango wa vioo, akaita, akamutuma mufanyakazi mumoja mwenye kofia atafute inje, na yule akamwambia kulikuwa mama na bwana mumoja, wameondoka. Aliniuliza: kulipita nini, ndugu yangu?

Nilizunguka na ile barua siku nyingi. Kuna mahali hesabu yangu ilikuwa imevunjika, na sikuona ni wapi. Nikaipeleka kwa muzee mumoja aliyefundisha zamani pa misheni, nikamuonyesha hesabu zote mbili: kuenda, saa mbili mpaka saa tano, kurudi, saa kumi na mbili mpaka saa tano. Nikamuuliza ndege inawezaje kwenda masaa matatu na kurudi masaa matano. Alichukua kijiti, akachora duara pa udongo. Akaniambia jua linaanza kwetu, Leopoldville linafika nyuma. Basi saa ya Leopoldville iko nyuma ya saa ya Uvira, saa moja. Safari ni masaa mane, kuenda na kurudi, siku zote. Ukienda unaiba saa moja, ukirudi unailipa.

"Tunaifundisha mwaka wa sita," akasema.

Nikamuuliza kama ni somo gumu. Akasema hapana, ni asubuyi moja.

Nikamujibu ndugu yangu. Nilianza mara ine. Mwisho niliandika kama askari walifunga barieri mapema, tukashindwa kuvuka tena. Ni kweli, ukiipanga ile namna. Akanijibu kama ananishukuru kumutunza mama mpaka mwisho, kama hatanisahau. Ile barua ninayo, siifungui. Karte niliitoa pa ukuta. Watu bado walikuja kuuliza mbali aje, nikawaambia panya wameikula.

Nilimwambia muntu mumoja tu, rafiki yangu wa kamio. Alikuwa anaosha gurudumu mu maji ya ziwa, Kalundu, mchana. Nilimueleza duara, jua, saa moja ya kuiba na ya kulipa, nikaweka na mchezo kidogo ndani, ile ya nyumba yenye ukuta mumoja, juu siwezi kueleza kitu bila mchezo. Hakucheka. Nikamuuliza, kama ni yeye mama alimugeukia siku ile pa benchi, angejua kuhesabu? Alisugua gurudumu mpaka mwisho, akainuka, akaninyoshea kitambaa nikikamue.

"Kuhesabu nini?" akasema. "Minye sikusoma. Ningemwambia sijui, mama. Na yeye angebaki amekaa pale."